Safari Iliyopangwa kwa Minong'ono

Msusi alipofagia jikoni asubuhi ile alipata mchanga mweupe, mkavu, laini, wa kujaza kiganja. Nyumba yao ilikuwa katikati ya mji, mbele barabara ya lami, ndani vigae, na bahari ilikuwa mbali, safari ya saa tatu kwa gari. Alidhani mumewe, fundi wa friji, ameuleta na viatu vyake vya kazi. Akamsema moyoni, akauzoa, akautupa nje.

Moyoni na chini kwa chini, ndivyo kila kitu kilivyosemwa mle ndani wiki ile. Walikuwa wanapanga safari ya Jumapili, kwenda asubuhi na kurudi jioni, kwenye ufukwe wenye upepo mkali na vilima vya mchanga virefu kuliko nyumba, na waliipanga kama watu wanaopanga wizi. Sababu ilikaa chumba cha nyuma. Mama yake Fundi alikuwa haoni tena, na siku hizi mkojo ulikuwa unamponyoka. Walipokuwa wakirudi kwenye harusi moja alilowesha kiti cha gari la watu, na mwenye gari akashusha vioo vyote. Fundi akikumbuka vile vioo vikishuka, masikio yalimwaka moto. Na safari hii gari lilikuwa la bosi wake, viti vya kitambaa cheupe.

Ubaya ni kwamba mama huyo alibakiwa na hamu moja tu, na alishaisema mara nyingi: asimame tena juu ya vile vilima, upepo umpige usoni, maana upepo hauhitaji macho. Wote waliijua hamu hiyo. Ndiyo maana walinong'ona.

"Dada yangu atakuja kushinda naye," Msusi alinong'ona huku akipaka mkate siagi. "Tukirudi tutasema tulikwenda msibani."

"Msibani na ndoo za kuchezea mchanga?"

"Ndoo nitazificha kwenye buti la gari, Baba Kasuku. Usinichekeshe."

"Na Kasuku mwenyewe?"

Kasuku alikuwa binti yao, na jina hilo alilipata kihalali: alichokisikia asubuhi, mchana mtaa mzima ulikuwa nacho.

"Hajui kitu. Tutamwambia tukishafika njiani. Basi, tuko watatu."

"Wanne," kikasema kitu nyuma ya friji.

Ilikuwa sauti kavu, ndogo, kama mchele unaomiminwa kwenye sinia. Waliangaliana. Fundi alivuta friji, akachungulia nyuma, akakuta mchanga umerundikana chini ya waya, na juu yake alama ya mtu aliyekuwa amekaa.

"Gesi inavuja," alisema, ingawa aliijaza mwenyewe na alijua haivuji.

Kuanzia siku ile mama aliacha kuita. Zamani alikuwa akigonga ukuta kwa fimbo akitaka kupelekwa chooni, nao wakitegeana, kila mmoja akijifanya hajasikia. Sasa ukuta ulinyamaza. Shuka zilikuwa kavu. Nyumba ilipata raha, na tuseme ukweli, waliifurahia bila kuuliza imetoka wapi.

"Siku hizi unamwahi mama," Fundi alimwambia mkewe wakiosha vyombo. "Ahsante, mke wangu."

Msusi aliacha sahani kwenye povu. "Mimi? Si wewe unayempeleka?"

Kutoka chumba cha nyuma mama alicheka, kicheko chepesi cha msichana, na baada yake kikacheka kitu kingine, kisichovuta pumzi. Walipaswa kwenda kuangalia. Hawakwenda. Ukiingia mle lazima umwambie mzee jambo, nao hawakuwa na jambo la kumwambia. Walikuwa wanaona haya hata mbele ya macho yasiyowaona.

Harufu ndiyo iliyomlazimisha Fundi aingie, harufu ya mwani uliooza, iliyotambaa ukumbini mchana wa Ijumaa mpaka ikaingia kwenye chakula. Alisukuma mlango wa mama yake, na mlango ukawa mzito kwa sababu ya mchanga uliokuwa nyuma yake, na alipoupenyeza mwili wake ndani akamwona mama amekaa kitandani, ametulia, amependeza, nywele zake nyeupe zikipepea kuelekea ukutani ingawa dirisha lilifungwa na chumba hakikuwa na feni, na pembeni yake godoro limebonyea kwa uzito wa mtu asiyekuwepo, na lile bonde la godoro lilikuwa likisogea, taratibu, likimkaribia mzee.

"Nani huyo, mama?" aliuliza.

"Mgeni wangu. Ndiye anayenipeleka chooni. Mkono wake wa baridi, lakini haguni akininyanyua." Akatabasamu. "Ananisimulia habari za humu ndani. Kumbe Jumapili mna msiba."

Fundi alirudi nyuma mpaka akajigonga kwenye mlango. Aibu ilimshika kabla ya hofu.

Chumba cha mbele kilikuwa saluni ya mkewe, na kwenye kiti alikaa mteja mmoja, mwanamke mnene wa maneno machache ambaye kazi yake ilikuwa kutibu watu wenye majini. Kichwa chake kilikuwa kimesukwa nusu. Harufu ilipomfikia aliushika mkono wa Msusi, akasimama, akaenda mpaka ukumbini hivyo hivyo, nusu mistari na nusu kichaka. Alirudi akijifunika pua.

"Mmekuwa mkinong'ona nini?" aliuliza.

Walimweleza, wakikatizana, kila mmoja akitafuta neno zuri zaidi. Hakuna neno zuri lililopatikana.

"Huyu ni jini wa vilima vya mchanga," Mganga alisema kwa sauti ya chini. "Mmetaja makao yake, tena mkipanga kumwacha mtu. Hao hawaibi mtu anayetakiwa. Wanakuja kumchukua aliyekwisha kuachwa."

"Tumfukize kwa ubani?" Msusi aliuliza.

"Ubani utamchekesha tu. Mwana aingie amwambie mama yake ukweli, kwa sauti, kama ulivyo, kisha amwombe radhi. Akiupamba hata kidogo, mimi sina la kufanya."

Fundi aliingia. Mchanga ulimfika kwenye vifundo. Maneno aliyapanga vizuri kichwani, lakini alipomwona mama amekaza shingo kumsikiliza, ameweka mikono mapajani kama mtoto anayengoja zawadi, akasikia vile vioo vya gari vikishuka, na ulimi ukamgeuka.

"Mama, hiyo safari ya Jumapili... tulikuwa tunakuficha tu ili tukufurahishe. Na wewe ulikuwemo."

Mlangoni, Mganga alifumba macho.

Mama aligeuza uso kuelekea lile bonde la godoro, akasikiliza kidogo.

"Anasema si kweli," alisema, bila hasira. "Lakini ahsante, mwanangu."

Akanyoosha mkono, na kitu kikaupokea, na upepo ukaamka chumbani, upepo wa mahali pasipo na miti wala kuta, ukanyanyua pazia na shuka na mchanga wote wa sakafuni, ukamziba Fundi macho na kinywa akiwa anaita mama, mama, akipapasa kitanda, akishika mto, akishika fimbo, akishika pindo la kanga lililokuwa la moto bado kwa mwili wake na kisha likamteleza vidoleni, mpaka upepo ulipotulia akajikuta amekumbatia godoro.

Majirani walitafuta mpaka jioni. Fundi aliwaambia mzee alitoka mwenyewe, mlango uliachwa wazi. Walimpa pole, na kila pole ilimchoma. Walipoondoka alirudi chumba cha nyuma, akafunga mlango, akapiga magoti sakafuni, na hapo ndipo akasema kwa sauti ambayo mkewe na binti yake waliisikia jikoni.

"Mama, niliogopa utajikojolea kwenye gari la bosi. Nilikuonea aibu. Nisamehe."

Kisha, karibu kabisa na sikio lake, akasikia sauti ya mama yake, iliyopigwa na upepo, ya upole kama siku zote.

"Ningevaa nepi, baba. Ungesema tu."