Vioo Arobaini vya Georgette

Mwaka ule wa tisini na nane, asubuhi ya Jumanne, jua la Songo lilikuwa la kawaida, risasi zilisikika mbali kule uwandani, na Georgette alikuwa amekaa mezani akijichoma kidole. Mtu asome miaka yote ile, afike licence ya biomédicale, shahada ya kazi ya maabara, kisha ajitoboe kama kiraka! Lakini Ijumaa walimu wa jury, wa kumhoji na kumpa alama, walikuwa wakimngoja. Mémoire yake, kitabu cha kumaliza masomo, ilitaka damu ya watu arobaini wa Luberizi, na vita vilikuwa vimefunga barabara. Majina alikuwa nayo, katekista Damien alimwandikia. Damu ni damu, akasema.

Akapaka vioo arobaini vya darubini damu yake mwenyewe, ya kidole cha pete, mkono wa kushoto. Akavichungulia: safi. Kisha akagawa malaria kwa kalamu kama anayegawa karanga. Huyu msalaba mmoja, malaria kidogo. Huyu miwili. Huyu mzima. Namba saba, mtoto Providence, akampa misalaba minne, ya mtu wa kufa, ili jury ione kazi imefanyika.

Alhamisi, saa nane mchana, mlango ukagongwa. Mzee Ngendakumana wa Luberizi, aliyepita mashambani kwa miguu, matope ya mpunga mpaka magotini. Mjukuu mgongoni.

“Mama docteur, Damien ametuelekeza. Tumefuata majibu.”

“Majibu gani, muzee? Miye sikufika Luberizi.”

“Weye!” Mzee akacheka bila furaha. “Juzi ulituchoma wote, watu makumi ine. Hata salamu ulitunyima. Tukasema, masomo imemupa kiburi.”

Akanyoosha mkono. Kidole cha pete. Cha kushoto. Tundu moja.

Georgette akashika mkono wa mtoto. Tundu lile lile. Mwili ulikuwa kaa la moto.

“Kinini amekunywa tangu jana,” mzee akanong'ona. “Haisaidie kitu.”

“Anaitwa nani?”

“Providence.”

Akakimbilia darubini. Kioo cha saba kilijaa vijidudu. Cha nane, cha yule aliyempa uzima, safi. Cha tisa, misalaba miwili. Kama alivyoandika. Vyote kama alivyoandika.

Mtoto akaanza kukakamaa. Macho yakageuka meupe.

Kalamu. Bila misalaba hakuna mémoire, na miaka ya mama yake ya kumlipia masomo kwa kuuza samaki wa ndagala kule Kalundu imekwenda na maji. Hata hivyo akafuta misalaba minne ya mtoto. Akaandika upya. Namba saba: mzima. Kisha wengine. Mzima. Mzima. Mpaka arobaini.

Nyuma yake, mtoto akaomba maji.

Ijumaa Georgette hakwenda mbele ya jury. Watu walimcheka mpaka sokoni, wajinga hawaishi. Siku ya kuvifungia vioo sandukuni akavitazama: vyote vyeupe, kama havikuwahi kuguswa na damu.

Ila vilikuwa arobaini na kimoja. Kile cha ziada hakikuwa na namba wala jina, na damu iliyokuwa juu yake ilikuwa mbichi. Akakianika juani siku nzima. Akakiweka kando ya makaa. Vita vimekwisha na kurudi mara ngapi tangu hapo? Kioo kiko kabatini kwa mama yake, na hajathubutu kukiandikia jibu.

Bado hakijakauka.