Betri ya Kigari Haioti Moto

Mwezi wa kwanza, asubuhi kwetu ni baridi ya kuuma masikio. Mimi naitwa Obonyo. Ninaishi katika kambi ya wafanyakazi wa chai, upande wa Roret. Zamani nilichuma chai. Sasa naangalia kitalu cha miche. Mke wangu, Syprose, alifariki hapa hapa kambini. Siku aliyozidiwa, gari la kambi lilikuwa limeenda kuchukua wageni wa gofu. Tuliambiwa tungoje. Tulingoja mpaka hakukuwa na wa kupeleka.

Nimebaki na kijana wangu, Calvince. Anakaa mlango wa tatu kutoka kwangu, na mkewe Beverly na mtoto wao Adongo, ambaye bado anatambaa.

Calvince anaendesha kigari cha gofu. Ni kagari kadogo kasiko na milango wala kelele. Kanabeba wageni na fimbo zao kwenye uwanja wa gofu wa kampuni ya chai. Hakatumii petroli, kanatumia betri.

Zamani vigari hivyo vilikuwa na betri za asidi, zile za kuongezwa maji. Mwaka jana wakubwa wakaleta betri mpya za lithiamu. Betri walileta. Mtu wa kuwafundisha vijana hawakuleta. Bwana Gichana, maneja wa uwanja, alisema tu, "Chajini alfajiri, wageni wakija wakute kila kitu tayari." Halafu akaingia kwa gari lake, akafunga kioo.

Basi vijana walichaji alfajiri, kwa banda lililo wazi pande zote.

Kisha barafu ikaanguka. Watu wa chai wanaijua. Unaamka unakuta majani yote ni meupe, na jua likitoka yanageuka rangi ya kahawia kama yamechomwa. Asubuhi hiyo Calvince alichomeka chaja. Taa ikawaka nyekundu. Akachomoa, akachomeka tena. Nyekundu. Betri ilikataa kabisa kuingia chaji.

Bwana Gichana alikuja, akaangalia saa yake.

"Kesho nina wageni wakubwa," alisema. "Hicho kigari kisipotembea, wewe usije kazini. Kuna vijana wengi wanatafuta."

Calvince alikunja waya wa chaja. Kwetu maneja hajibiwi.

Jioni nilipotoka kitaluni nilienda kwa Beverly kula. Jikoni kwake ni kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Niliinama kuingia, nikaona kitu kikubwa cheusi kando ya meko. Kuni zilikuwa zinawaka vizuri. Beverly alikuwa anasonga ugali, na mtoto amekaa juu ya gunia anacheza na kijiko.

"Hiyo ni nini?" niliuliza.

"Muulize mtoto wako, Baba," Beverly alisema. "Jiko langu limekuwa gereji. Kesho ataleta magurudumu."

Calvince alicheka. "Ni betri ya kigari. Tumeileta na wilbaro mimi na Kepher wa kazini. Imepigwa na baridi, ndiyo maana inakataa chaji. Naiotesha moto kidogo."

"Nani amekuambia?"

"Si ni kama mawe ya redio, Baba?"

Na kweli, nani hapa hajui mambo ya mawe ya redio, zile betri ndogo za kutia ndani? Yakichoka unayaanika juani. Na kwa sababu jua letu ni la kubahatisha, sisi watu wa kambi tunayapanga kando ya meko. Yanapata nguvu kidogo, unamalizia habari. Kwa hivyo hata mimi niliona kijana ana akili. Nilivuta kiti, nikakaa.

"Sasa betri ya wakubwa inaogopa baridi kuliko mimi," nikasema. "Mpaka ipewe nafasi karibu na moto, mimi mzee nikae mlangoni."

Tulikuwa bado tunacheka wakati Nelvine alipopiga hodi. Nelvine ni jirani yetu, ana ng'ombe ng'ambo ya barabara na hutuletea maziwa jioni. Lakini kazi yake hasa ni Kaplong, kwenye kituo cha kuchaji betri za pikipiki za stima. Kampuni yao iliwapeleka wote mafunzo kabla ya kuwaachia hata betri moja.

"Chamgei! Mama Adongo, leta chupa," alisema, akitusalimu kwa Kikipsigis kama kawaida yake. Halafu akasimama mlangoni. Akavuta hewa kwa pua.

"Nani anatoa rangi ya kucha hapa? Nasikia harufu ya ile dawa yake."

"Rangi ya kucha, mimi?" Beverly alicheka. "Na hii mikono ya majani chai?"

Nelvine hakucheka. Aliangalia kando ya meko. Mimi pia nikaangalia. Ubavu wa betri ulikuwa umevimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi. Halafu tukaisikia. Sss. Sauti ndogo tu, kama sufuria inayoanza kuchemka.

"Tokeni nje," Nelvine alisema. "Wote. Sasa hivi. Wachana na ugali!"

Alimnyakua Adongo kutoka kwenye gunia, akatoka naye mbio. Beverly akamfuata, mwiko mkononi. Mimi nilitoka nikiwa nimemshika Calvince shati. Tulipofika nje alijivuta.

"Baba, niachilie! Niitoe kwanza! Ile betri ikiharibika nimefutwa!"

"Usiiguse!" Nelvine akapaza sauti. "Ikifika hapo haibebwi. Italipuka mikononi mwako. Na moshi wake ni sumu, utaanguka kabla ya kufika mlangoni."

"Kazi yangu, Nelvine!"

Nilimshika kwa mikono yote miwili. Nina miaka mingi lakini nilimshika. "Kijana wangu," nikamwambia, "hawa watu nimeshawapa mmoja. Wewe siwapi."

Akaacha kuvuta.

Ndipo jiko likalia pwaa! Moshi mweupe ukatoka kwa mlango, mzito, ukifuatwa na moto wa kuruka kama wa gesi. Majirani walikuja na ndoo. Nelvine aliwazuia wasikaribie moshi. Akawapanga upande upepo unakotoka.

"Mwagieni ukuta wa nyumba maji, moto usivuke," alisema. "Maji mengi. Hilo jiko liacheni."

Jiko liliungua lote. Nyumba ilipona. Hata moto ulipoisha, Nelvine hakuruhusu mtu achokore lile jivu. Alisema betri ya namna hiyo inaweza kuwaka tena baada ya saa nyingi, hata kesho yake.

Tulikaa nje kwa ngazi, Beverly amemfunga mtoto kwa shuka. Calvince alikuwa ameshika kichwa.

"Nilidhani ni kama mawe ya redio," alisema.

"Hata mawe ya redio hayafai kuwekwa kwa moto," Nelvine alisema kwa upole. "Lakini hii ni mbaya zaidi. Ndani ya betri ya lithiamu kuna ngozi nyembamba sana. Zinatenganisha vitu ambavyo vikigusana vinawaka. Moto wa kuni unaziyeyusha. Vikishagusana, joto linazaa joto lingine, na hakuna wa kulizima."

"Na mbona ilikataa chaji?"

"Ilikuwa inajilinda. Ndani yake kuna kifaa kidogo kinachopima baridi na joto. Ukiichaji ikiwa na baridi ya barafu inaharibika ndani kwa ndani, na wewe huoni. Ile taa nyekundu ilikuwa inakuambia ungoje. Ukiona betri imevimba, au inanuka, au inatoa sauti, au ni moto bila sababu, usiipeleke nyumbani. Usiichaji. Kaa mbali nayo, waite wenye kuijua."

Nikamuuliza, "Kwa hivyo kijana angefanya nini?"

"Angeiacha tu bandani mpaka jua litoke, mzee. Baridi ingepungua polepole, ingekubali yenyewe."

Nilitema mate. Kungoja jua tu! Na hakuna mkubwa aliyeona vizuri kumwambia mtoto wangu maneno mepesi hivyo.

Asubuhi Bwana Gichana alikuja kuangalia majivu. Alianza kwa sauti ya juu. Mwizi wa betri, alimwita Calvince. Nikasimama mbele yake.

"Bwana Gichana," nikasema, "kijana hakuiba. Alikuwa anaitafutia kazi yako nguvu. Ulimfundisha lini hiyo betri? Siku gani? Tuambie, tuko hapa."

Watu wa kambi walikuwa wamesimama nyuma yangu, na vikapu vyao vya chai bado mgongoni. Hakuna aliyeenda shambani. Yule maneja aliangalia jiko, halafu akamwangalia mtoto. Sauti yake ikashuka.

"Hata mimi sikufundishwa," alisema.

Nilikuwa na mengine ya kumwambia. Niliyaacha.

Wiki iliyofuata waliouza betri walituma fundi, na Nelvine akaombwa aje pia. Banda likajengewa kuta za mawe upande wa upepo, na matundu ya hewa juu. Liko mbali na nyumba za watu, sakafu ya simiti, bila kuni wala magunia ndani. Chaja za zamani za betri za asidi ziliondolewa zote. Siku hizi vigari vinachajiwa mchana, vikitoka uwanjani, betri ikiwa bado na joto lake la kazi. Mtu mmoja anabaki kuangalia, na hakuna betri inayoingia kambini. Calvince ndiye mwenye ufunguo.

Jiko la Beverly bado hawajamjengea. Anapika kwangu na kwa majirani kwa zamu. Sijasahau.

Barafu ilirudi mwezi wa pili. Nilikuwa napita bandani nikiwa na miche yangu, nikamwona Bwana Gichana amekuja na wageni mapema. Kigari kimoja kilikuwa hakijachajiwa jana yake.

"Chomeka chaja, Calvince," alisema. "Dakika kidogo tu."

Calvince aliweka kiganja juu ya betri, akakitoa.

"Hapana, bwana. Bado ina baridi. Tutangoja jua."

Wageni waliangaliana. Maneja aliangalia saa yake. Halafu akavuta benchi, akaketi, mikono ndani ya koti, akaelekeza uso mashariki kama sisi wengine. Kwa mbali nilimsikia Adongo akilia kule kambini, akitaka uji. Ni sauti nzuri.