Fuko Harushi Udongo kwa Kinywa

Kila asubuhi Wiebke Harms alipaka siagi kwenye mkate, akala haraka, kisha akapanda baiskeli kwenda shuleni, katika mji wa Nienburg, Ujerumani. Jumatano hiyo aliusukuma mkate kando.

"Mbona huli, mwanangu?" mama yake aliuliza.

"Nimeshiba, mama."

Hakuwa ameshiba. Alikuwa na hofu.

Siku iliyotangulia alisimama mbele ya darasa la sita na bango lake kuhusu fuko, ambaye kwa Kijerumani huitwa *Maulwurf*. "*Maul* ni kinywa cha mnyama, *Wurf* ni kurusha," alieleza. "Sehemu ya mwisho ndiyo inayoamua jinsia ya neno. Ndiyo maana tunasema *der Maulwurf*, kwa jinsia ya kiume, ingawa kinywa peke yake ni *das Maul*, neno lisilo la kiume wala la kike. Basi huyu ni mnyama anayerusha udongo kwa kinywa!"

Jorrit, aliyekaa dirishani, alinyoosha mkono. "Lakini fuko huchimba kwa miguu ya mbele. Nimemwona kwa babu."

"Ndivyo kamusi inavyosema," Wiebke alijibu bila kusita, ingawa hakuwa amefungua kamusi yoyote.

"Kaa chini, Profesa Fuko!" mtu alipiga kelele. Darasa zima likaangua kicheko. Jorrit aliinamisha kichwa, masikio yamemwiva.

Jioni hiyo Wiebke alifungua kamusi ya baba yake kuhakikisha wingi wa neno. Kweli, *u* hugeuka *ü*: *Maulwürfe*. Lakini alipoendelea kusoma, aliona kosa lake. Hapo kale sehemu ya kwanza ya jina hilo ilimaanisha lundo. Fuko aliitwa mrusha lundo! Watu walipolisahau neno lile la zamani, waliligeuza lifanane na neno walilolijua, kinywa. Jorrit alikuwa amesema kweli.

Na Jumatano hii bango lilikuwa litundikwe ukumbini, wazazi waliokuwa wakija shuleni alasiri walione.

Alipofika shuleni, wavulana wawili walikuwa wakimfuata Jorrit uwanjani. "Profesa, turushie udongo basi!" Yeye alitembea tu, mikono mfukoni.

"Nyamaza wewe," Svantje, rafiki wa Wiebke, alimnong'oneza alipoelezwa kuhusu kamusi. "Nani atajua?"

Kengele ililia. Bi Ahlers, mwalimu wao, aliingia akiwa na gundi na mkasi. "Wiebke, lete bango tulitundike."

Alifika mbele, bango kifuani.

"Mwalimu, lisitundikwe. Maana ile niliibuni mwenyewe. Sikufungua kamusi, nilidanganya. Nimesoma jana jioni: maana yake ni mrusha lundo. Jorrit alikuwa sahihi, nami nikamwacha achekwe."

Wiebke alimgeukia Jorrit. "Nisamehe."

"Miguu ya mbele ya fuko ni kama koleo," Jorrit alisema. "Ukitaka, nitakusaidia kuichora."

Wavulana wale wawili walitazama madaftari yao.

Bi Ahlers aliweka gundi mezani. "Kukosea maana ya neno si aibu, Wiebke. Watu wazima walilikosea hili kwa karne nyingi. Aibu ni kujua ukweli ukanyamaza, huku mwenzako akibeba kicheko kisicho chake. Hilo umekataa kulifanya. Haya, chukueni karatasi mpya, nyote wawili. Wazazi wanakuja saa kumi."