Meza ya Katikati

Siku ya soko pale Nyamache, hoteli ya Gesare hujaa pomoni. Wachuma chai na wauza ndizi wote wanaijua chinsaga yake, mboga chungu ya Kikisii. Ukali wa Gesare mwenyewe pia wanaujua. Wateja walipozoea kubeba mabenchi yake nje kuota jua, alimwita fundi akaizika miguu ya mabenchi kwenye saruji. Mchezo ukaisha.

Rafiki yake wa tangu utotoni ni Nyangate. Kila siku ya soko walikula pamoja kwenye meza ya katikati, ugali wa wimbi sahani moja. Kisha Nyangate akaanguka kutoka kwenye mti wa parachichi, akaumia uti wa mgongo. Aliporudi sokoni, alikuja kwa kiti cha magurudumu.

Gesare alifurahi sana kumwona. Lakini mlangoni palikuwa na kidato, na ndani mabenchi hayakusogea. Basi akamwekea stuli ya kuwekea sahani barazani, akampakulia wa kwanza, nyama tele, na malipo akakataa. Wiki iliyofuata akafanya vivyo hivyo. Wiki ya tatu Nyangate hakuja. Ya nne pia hakuja.

Gesare hakuvumilia. Akamfuata nyumbani.

"Nimekukosea nini, Nyangate? Si nakupa chakula kabla ya wote, tena bure?"

"Unanilisha nje peke yangu," Nyangate alisema polepole. "Siku ya mwisho nilipokuja, mama mmoja alipita akaniwekea sarafu kando ya sahani. Alidhani naomba."

Gesare aliona aibu mpaka akakosa pa kutazama. "Basi nitaita vijana wakubebe ndani."

"Nibebwe kama gunia la ndizi? Nataka kuingia mwenyewe. Ikishindikana, nitakula kwangu."

Siku ya pili yake Gesare alikwenda kwa fundi Ombok, mtu wa Homa Bay mwenye karakana sokoni. Mama yake Ombok pia alitumia kiti cha magurudumu. Alipoelezwa, akachukua futi yake. "Mwite huyo rafiki yako kwanza. Mwenye kiti ndiye ajuaye."

Nyangate akaja hotelini, na Ombok akapima kila kitu Nyangate akiwa kitini.

"Kidato hiki ni sentimita kumi na tano," Ombok alisema. "Kila sentimita moja ya kimo inataka kumi na mbili za urefu. Kwa hiyo mteremko wako uwe karibu mita mbili. Ukiwa mfupi, kiti kitapinduka. Njia ya ndani iwe sentimita tisini."

"Na meza?" aliuliza Nyangate. "Magoti yangu yatagonga ule ubao wa chini."

"Tutautoa. Magoti yapate sentimita sabini chini ya meza. Na benchi la upande mmoja liondoke."

"Benchi langu la saruji?" Gesare aliruka. "Si tumtengenezee meza yake pale pembeni?"

"Gesare, utakuwa umemtoa barazani ukamweka pembeni," Ombok alijibu. "Anataka kukaa na watu."

Gesare akamtazama rafiki yake. Kisha akachukua nyundo mwenyewe akaanza kuvunja ile saruji. Alivunja mpaka jasho likamtiririka.

Siku ya soko iliyofuata Nyangate alipanda mteremko kwa mikono yake, akapita kati ya meza, magoti yakaingia chini ya meza ya katikati. Baada yake akaingia mzee Machogu na mkongojo wake. Miaka miwili alikuwa akinywa chai nje, dirishani, na Gesare alidhani mzee anapenda hewa.

Wateja walikuwa wengi. Gesare alihudumia kwa zamu, aliyetangulia kwanza. Nyangate akangoja, akangoja, kisha akagonga meza.

"Gesare! Leo tutakula ama tutalala hapa?"

Hoteli nzima ikacheka. Kwa kawaida mteja wa maneno kama hayo angejibiwa akome. Lakini Gesare alileta ugali sahani moja, akaketi mbele ya rafiki yake, akanawa mikono.

"Na leo utalipa," alimwambia.

"Nani alikuomba cha bure?" Nyangate alisema, akamega tonge.