Maji ya Jumapili

Foleni ya ofisi ya maji ilikuwa imejikunja hadi ngazini, watu wakijipepea kwa bili zao, dobi mmoja aliporudi nyuma hatua moja akamkanyaga mwanamume aliyekuwa nyuma yake.

"Samahani," alisema bila kugeuka.

"Usijali, dada. Ninao mguu mwingine."

Hapo akageuka. Mwanamume alishika bahasha ya kaki na shati lake la buluu lilikuwa na mikunjo ukosini. Dobi mwenyewe alivaa gauni la kijani lililomkaa vizuri, na kwapani alibana shuka.

"Nani kakupigia pasi hiyo?"

"Mwenyewe."

"Inaonekana."

Mwanamume akacheka, akauliza habari za shuka. Dobi akaikunjua: nyeupe, yenye mabaka ya rangi ya kutu.

"Ya hospitali. Nimeifua mara tatu, na kila nikiifua inazidi. Maji gani haya wanatuletea?"

Mwanamume aliyajua. Alikuwa mpimaji wa maji machafu katika mgodi wa makaa ya mawe ulioko juu ya mji, na bahasha yake ilibeba ripoti ya mwezi iliyosema mgodi unamwaga maji safi kwenye mto unaolisha mabomba ya mji. Angeweza kusema palepale. Badala yake akaomba namba ya simu, kama waoga wote wanavyopenda kuanza na jambo tamu.

Tarakimu za ripoti zilikuwa za kweli, na hapo ndipo penye uchafu. Maji yalichotwa Jumapili, pampu za mgodi zikiwa zimelala. Siku hiyo aliichagua meneja, mtu aliyenawa mikono kwa maji ya chupa na kuwaambia wenzake mto hauna neno. Mpimaji alichota, akapima, akatia sahihi.

Miezi miwili simu hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Shati umelipiga pasi?"

"Nimelipiga."

"Maskini, litakuwa linalia."

Mpimaji akawa analeta mashati dukani kwa dobi kila baada ya siku mbili. Shangazi yake dobi, aliyepiga pasi pale, alimtazama juu hadi chini. "Huyu ama ana kazi chafu ama ana mapenzi," alisema. Mpimaji akajibu kwamba anafanya kazi ya maabara.

Kisha hospitali ikamnyang'anya dobi kazi ya shuka. Akarudi ofisi ya maji kulalamika, akaonyeshwa ripoti, na chini yake akaikuta sahihi aliyoizoea kwenye risiti za mashati. Akapiga simu akiwa bado ngazini.

"Wewe ndiye unayeandika kwamba mto ni safi?"

"Nisikilize kwanza, laazizi."

"Usiniite hivyo. Unapima lini?"

"Jumapili."

"Na pampu zinafanya kazi lini?"

Mpimaji akaanza kumtaja meneja.

"Nakuuliza."

"Siku nyingine zote."

"Afadhali mwizi, yeye huruka kuta. Wewe unakaa kitini na kalamu tu. Njoo uchukue mashati yako. Nimeyafua kwa maji yako safi."

Shangazi alimkabidhi kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayetupa panya. Mashati yote yalikuwa na kutu kifuani.

Alhamisi iliyofuata mpimaji alimwita mkaguzi wa ofisi ya maji kwenye bomba la mgodi, pampu zikinguruma. Maji yalitoka mekundu, makali kama siki. Meneja alikuja akikimbia kwa viatu visivyojua matope.

"Nani kakutuma?"

"Si nimeajiriwa kupima?"

Jioni ile hakuwa na kazi. Lakini bomba lilifungwa, na mgodi ukaamriwa kutuliza maji bwawani kwa chokaa, yapungue ukali, kabla ya kuyamwaga. Wiki iliyofuata dobi aliyasikia kwa mkaguzi, akapiga simu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungedhani natafuta sifa."

"Ningedhani, ndiyo. Alhamisi ni moja. Jumapili zilikuwa ngapi?"

"Thelathini na nane."

Hakutegemea jibu. Akasema, "Hospitali watanirudishia shuka nikiwapelekea leo karatasi ya mpimaji kwamba maji ya bomba langu yametakata. Njoo."

Alikuja na chupa zake. Alichota bombani, akapima mara mbili, shangazi akiwa ameinua pasi hewani.

"Bado," alisema. "Kutu imepungua, haijaisha. Labda wiki tatu."

"Wanaitaka leo."

"Najua. Siandiki."

Dobi akaichukua chupa, akaielekeza kwenye mwanga.

"Basi tutasubiri wiki tatu," alisema.

"Mimi na wewe?"

"Maji kwanza, bwana. Yakitakata, walete wazazi wako waongee na shangazi."

Shangazi akashusha pasi. "Na waje na mashati yaliyonyooka," akasema.