Kopo la Kifuniko cha Kijani

Kila siku akitoka shule, Darubini alivua sare, akala, kisha akavuka barabara kwenda saluni ya shangazi yake. Kazi zake alizijua: kufagia nywele, kukunja taulo, kuosha vitana na kutenga rola kubwa na ndogo. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na saluni ile ilikuwa na vitu viwili ambavyo nyumbani havikuwapo: runinga pana ukutani, na wanawake wasioweza kunyamaza mbele yake.

Wanawake hao ndio waliompa jina la Darubini. Saa ya tamthilia ilipofika, watu wengine walifuatilia nani kagombana na nani. Yeye alitazama meza ya kujipambia iliyokuwa nyuma ya hao wagombanao. Sabuni aliitambua kwa umbo, shampuu kwa kifuniko, losheni kwa mabega ya chupa. Akipita kwenye duka la vipodozi pale kona, alisimama mbele ya rafu kama mtu anayesalimia jamaa zake mmoja mmoja, na muuzaji alishachoka kumuuliza anataka nini.

"Darubini, yule anajipaka nini miguuni?" mteja angeuliza.

"Ile losheni ya chupa nyeupe, mama. Kuna ya waridi inayofanana nayo, lakini siyo hiyo."

Na kweli, mtu akienda dukani anaikuta. Walimsifu mpaka kichwa kikamvimba. Shangazi peke yake ndiye aliyekuwa akiguna.

"Msimvike mtoto kilemba cha ukoka," aliwaambia. "Atakuja kujikwaa nacho."

Lakini shangazi naye alikuwa na mambo yake. Mbele ya kioo kikubwa alipanga makopo mazuri ya krimu za bei kubwa, yote yaliyokwisha zamani. Moja lilijaa vibanio, jingine sindano, jingine vipande vya uzi. Alisema saluni isiyo na makopo haina uso. Darubini ndiye aliyeyafuta vumbi, na kilichomo ndani alikijua vizuri kabisa.

Siku ya Jumatatu, aliyekaa chini ya kikaushio cha nywele alikuwa Mshonaji. Duka lake na saluni vilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Alikuwa mama mcheshi, na ndiye aliyemshonea Darubini sketi ya shule akaacha pindo refu, "maana wewe unarefuka kama bomba la mvua." Mashavuni alikuwa na madoa meusi yaliyomkera. Jumamosi binti yake alikuwa na mahafali ya chuo, na watapiga picha.

Kwenye runinga, mhusika mkuu alikaa mbele ya kioo. Akafungua kopo dogo lenye kifuniko cha kijani na mduara wa dhahabu, akachovya kidole, akajipapasa mashavu. Uso ukang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Mshonaji akainua kikaushio ili asikie vizuri.

"Darubini mwanangu! Kile ni nini?"

Hapo Darubini akakwama. Mkono wa yule mwanamke ulifunika jina lote. Dukani, vifuniko vya namna ile alikuwa ameviona kwenye makopo zaidi ya moja. Alifungua mdomo aseme hajui, lakini vichwa vyote vilikuwa vimegeuka, hata cha mteja mwenye povu la shampuu machoni. Tangu lini Darubini akasema hajui?

"Ni Shavu Laini," alisema, akitaja mojawapo ya makopo yale ya dukani.

"Una hakika?"

"Kama ninavyolijua jina langu."

Mshonaji akapiga kofi la furaha. Darubini naye akashika ufagio, akafagia mahali ambapo hapakuwa na nywele.

Jumatano shangazi alimtuma apeleke taulo zilizofumuka zikashonwe pindo. Darubini akabisha hodi kwa Mshonaji, akamkuta ameinamia cherehani, mtandio umemfunika mpaka puani. Alipouinua ili amsalimie vizuri, Darubini nusura aangushe taulo. Mashavu yalikuwa yamevimba, mekundu, na ngozi imeanza kutoka vipandevipande.

"Usiogope, mwanangu," Mshonaji alisema. "Ni hiyo Shavu Laini. Inawasha kama upupu, lakini nadhani ndiyo inafanya kazi. Pengine ninapaka kidogo mno. Nikimaliza gauni hili nitaongeza, nipake nene. Kama si wewe kuniambia ningekwisha kuitupa, lakini wewe hujawahi kukosea."

Maneno hayo yalimchoma Darubini kuliko kama angefokewa. Aliweka taulo mezani. Akasema, "Haya, mama," akatoka, na aibu ikamfuata hadi mlangoni mwa saluni.

Hata hivyo, alitaka kujua. Yawezekana alikuwa amepatia, na kosa ni la ngozi! Aliomba simu ya shangazi, ambaye huwa anarudia tamthilia humo, akaitafuta sehemu ile ya Jumatatu. Akaisimamisha picha, akaikuza kwa vidole viwili. Mkono ulipoondoka kidogo, alitarajia kuona jina. Hapakuwa na jina. Lebo ilikuwa imebanduliwa, imebaki alama ya gundi tu.

Akaiachia picha itembee polepole. Kidole kikaingia ndani ya kopo. Kikatoka. Darubini akarudisha nyuma, akatazama tena, pua ikigusa kioo cha simu.

"Shangazi! Njoo uone! Kidole kimetoka kikavu!"

Shangazi akavaa miwani. Kweli, hapakuwa na hata tone la krimu. Na Darubini aliporudisha picha nyuma zaidi, waliona uso wa yule mwanamke ulikuwa unang'aa vilevile kabla hajaligusa kopo.

"Kumbe ni kopo tupu," Darubini alisema. "Ni taa tu, na poda."

Shangazi akacheka. "Na lile langu pale la dhahabu, lina nini?"

"Vibanio."

"Na mteja akiingia anadhani lina nini?"

Darubini akaligeukia. Kila siku alikuwa akiyafuta vumbi makopo ya namna hiyo!

"Siri ya mtungi aijuaye kata, mwanangu. Wewe umeona mtungi kwa mbali tu. Sasa mbona unalia?"

Darubini akasema yote: mkono uliofunika jina, vichwa vilivyogeuka, mashavu ya Mshonaji, na kwamba jirani yao yuko karibu kupaka nene. Shangazi hakungoja amalize. Alimwacha mteja na rola kichwani, akamshika mkono mpwa wake.

Walimkuta Mshonaji ameshafungua kopo, kidole ki ndani.

"Usipake, mama!" Darubini alipiga kelele. "Sikuliona jina! Nilibahatisha. Niliona haya kusema sijui. Nisamehe."

Mshonaji akakitoa kidole. Kisha akakifuta taratibu kwa kipande cha kitambaa. Hakutabasamu, na Darubini aliona bora apigwe.

Shangazi aligeuzageuza lile kopo. "Tazameni. Halina jina la kiwanda, halielezi krimu imetengenezwa kwa vitu gani, wala halina tarehe ya mwisho wa matumizi. Hata tungelikuta kwenye runinga mikononi mwa malkia, hili si la kupaka usoni."

Walikwenda zahanati wote watatu, na kopo lenyewe. Muuguzi alimkataza Mshonaji kulitumia tena, akampa dawa ya kutuliza ngozi, akamwambia anawe kwa maji matupu na ajikinge na jua. "Ungeongeza siku chache tu, ungepata makovu," alisema. "Ngozi ikiwasha, inakuambia acha."

Jumamosi Mshonaji alikwenda kwenye mahafali. Uvimbe ulikuwa umepungua, ingawa mwenyewe alisema pichani ametoka kama nyanya mbivu. Wiki kadhaa zikapita kabla uso wake haujatulia, na katika muda huo wote Darubini alikwenda kila jioni kumfagilia vipande vya vitambaa bila kuitwa.

Ndipo siku moja, Mshonaji akiwa tena chini ya kikaushio, tamthilia ilionyesha chupa ndefu ya buluu. Mteja mpya akaruka kitini.

"Jamani, ile ni nini? Nimeambiwa humu kuna mtoto anayejua!"

Vichwa vikageuka. Darubini aliitazama chupa vizuri, kifuniko, mabega, na kidole kilichoziba jina.

"Sijui, mama," alisema. "Hata ningeijua chupa, kilichomo ndani sikijui. Twende dukani, tusome kwanza lebo yake."

Mshonaji akainua kikaushio.

"Umesikia, dada?" alimwambia yule mteja. "Wewe mwamini mtoto huyu. Anayeweza kusema sijui ndiye anayeaminika anaposema najua."