Marahaba ya Bertila

Haya niliyaungama kwa padri, ila sikuyasema yote. Leo nayasema.

Mwaka 1973 tulikuwa darasa la saba, Goweko. Shule ilichagua wanafunzi kumi twende Tabora mjini wiki mbili, kujenga taifa. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuuona mji ule. Pale stesheni shangazi alinishika mkono. "Siwema, nakukabidhi Bertila wangu. Unirudishie kama alivyo." Bertila alikuwa binti yake wa pekee. Tuliishi ua mmoja.

Kazi yetu ilikuwa mtaa wa Mtendeni, kukandika udongo nyumba kuukuu ya enzi za misafara, ipate kuwa darasa la kisomo cha watu wazima. Mwenye nyumba, Bi Zamda, alitupa chai, kisha akatuonya.

"Chumba cha nyuma walikuwa wakifungiwa watumwa. Mkisikia shikamoo na hamwoni mtu, nyamazeni."

"Bibi, tukose adabu?" Mwenzetu Anton akamtania.

"Shikamoo ni nashika miguu yako, mwanangu. Wa humo hana miguu. Ukimwitikia marahaba, umempa yako."

Tulicheka mpaka chai ikatupalia.

Mimi ndiye nilikuwa kiranja, lakini sifa zote zilikwenda kwa Bertila. Nilimwonea wivu, Mungu anisamehe. Siku moja, saa sita mchana, alikuwa peke yake chumba cha nyuma, akilainisha ukuta. Nikajibanza nje, chini ya dirisha, nikabana pua.

"Shikamoo, bibi."

"Siwema, mjinga wewe!" Akacheka. "Marahaba, mjukuu wangu!"

Nikajiziba mdomo. Ndipo nikasikia tena. Chini. Kama ndani ya sakafu.

"Shikamoo."

Si mimi niliyesema. Ningeweza kupiga kelele. Sikupiga. Nilitaka kuona itakuwaje.

"Marahaba tena!" Bertila akaitikia.



Kisha akanong'ona. "Siwema, niachie miguu."

Nilikuwa nje.

"Niachie, dada. Unaniumiza."

Nilipoingia alikuwa ameanguka. Hapakuwa na mtu. Miguu yake ilikuwa baridi kama ya maiti. Anton akaja mbio, akamchoma unyayo kwa mwiba. Hakushtuka. Damu haikutoka.

Hospitali hawakuona ugonjwa. Tulirudi naye kwa treni, Anton amembeba mgongoni.

"Ilikuwaje?" shangazi aliniuliza.

"Aliteleza," nikasema.

Baada ya mwezi, asubuhi, nikaamshwa na vigelegele. Uani, kwenye mchanga uliofagiliwa jana yake, kulikuwa na nyayo.

"Za mwanangu! Nazijua! Ametembea!" Shangazi akakimbilia ndani, akamsimamisha Bertila. Nikasikia kishindo. Akamwinua tena. Kishindo.

"Tembea, mama! Mbona umetembea?"

"Si mimi, mama," Bertila alilia. "Si mimi."

Mara ya tatu shangazi akachukua fimbo.

Neno moja langu lingemzuia. Sikulitamka. Nilikuwa nimesimama kizingitini kwangu, nazitazama zile nyayo. Zilitoka upande wa reli, zikapita mlango wa Bertila bila kusimama, zikaja kwangu. Vidole vilielekea ndani.

Nikatafuta za kutoka. Hazikuwapo.